Petroli ya Bei Kubwa na Karo ya Mtoto

Katika mji wa Mbale, chini ya mlima Elgon, yuko sajini mmoja wa polisi ambaye kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima hakukubali gari lake litiwe petroli ya kawaida. Kila Ijumaa jioni, akishatoka kazini, alilipeleka gari hilo kwenye kituo cha mafuta kilicho njia ya Tororo, akalisimamisha mbele ya pampu yenye rangi za kupendeza ambako huuzwa petroli ya bei ya juu, akaagiza lita 25. Vijana wa pampu walimjua. Wenzake wa kambini nao walimjua, na wengi wao walikubaliana naye kwamba mtu anayeijali injini yake hana budi kuilisha vizuri, kama vile mfugaji anavyomlisha ng'ombe wa maziwa.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya injini ya lita moja na nusu, lililotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa kwa meli hadi Mombasa, kama yalivyo magari mengi ya watumishi wa serikali katika Afrika ya Mashariki. Sajini alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo huo ulikuwa bado haujaisha. Mkewe, ambaye huuza nguo za watoto katika soko la mji, alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo. Alisema kwamba bwana aliliona neno Premio nyuma ya gari, akadhani ni amri ya kununua mafuta ya premiamu.

Mzaha huo uliisha katika muhula wa pili wa mwaka 2023. Binti yao mkubwa, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, alirudishwa nyumbani siku ya Alhamisi kwa sababu karo yake ilikuwa imepungua shilingi 180,000. Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, na sajini, kwa mazoea, alipitia kwenye kituo chake akatia lita zake 25 za bei kubwa. Mama alipokuwa akitoa mizigo yake garini aliiona risiti juu ya kiti.

"Baba Watoto," alisema, "mtoto amelala humo ndani na vitabu vyake, na gari limekunywa mafuta ya wakubwa?"

"Mama Watoto, gari likifa, robota zako za nguo utazibeba kichwani?" alijibu sajini. "Mambo ya injini niachie mimi. Nimeshika usukani wa serikali miaka kumi na miwili."

Hakuna aliyesema neno zaidi mbele ya watoto. Lakini usiku huo, wengine walipokwisha kulala, mama alikitoa kitabu chake cha hesabu za nyumbani, akaandika kwa kalamu ya wino. Tofauti ya bei baina ya petroli mbili pale kituoni ilikuwa shilingi 400 kwa lita. Kwa lita 25, hizo ni shilingi 10,000 kila wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 520,000. Akapiga mstari, akaandika chini yake kwamba upungufu wa karo ulikuwa sawa na tofauti ya wiki kumi na nane tu. Asubuhi aliitoa fedha ya mtaji wake, ile aliyokuwa ameiweka ya kununulia robota jipya, akampa binti. Jumatatu mtoto alirudi shuleni, na siku ya soko iliyofuata meza ya mama ilikuwa na nguo za zamani tu zilizobaki, zile ambazo wateja walikwisha kuzichambua.

Haifai kumcheka sajini, kwani hakuwa mtu wa kufuata fahari. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo aliiona kwa macho yake na kuisikia kwa masikio yake.

Mnamo Januari 2022 madereva wa malori walisimama mpakani Malaba na Busia, wakipinga kupimwa ugonjwa wa korona kwa malipo. Uganda haina bandari ya bahari, na sehemu kubwa ya mafuta yake hupita katika mipaka hiyo miwili. Haikuchukua siku nyingi vituo vikaanza kukauka, na mahali pengine lita moja ya petroli ilipita shilingi 10,000. Katika siku hizo sajini alikuwa Soroti kwa msiba, na petroli ya kumrudisha Mbale hakuwa nayo. Alinunua jerikeni moja ya lita kumi kwa kijana wa kando ya barabara, kwa bei ambayo hata leo hapendi kuitaja, akaimimina katika tangi lililokuwa karibu kukauka.

Kabla ya kufika Kumi, alipokanyaga mafuta ili kulipita lori, injini ilianza kugonga. Ilikuwa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Akipunguza mwendo, sauti hupungua; akikanyaga tena, kokoto hurudi. Moshi nao haukuwa wa kawaida. Alifika Mbale kwa mwendo wa baiskeli, moyo ukimdunda kwa ajili ya mkopo ambao haujalipwa. Siku ya pili yake alipanga foleni kwa saa nne. Alipofika mbele, pampu ya petroli ya kawaida ilikuwa imeishiwa, imebaki ile ya bei kubwa. Akalijaza tangi. Baada ya siku mbili sauti ilikoma kabisa. Tangu siku hiyo sajini aliweka nadhiri, na ushahidi wake ulikuwa wazi: mafuta ya bei ndogo yaliiumiza injini, mafuta ya bei kubwa yakaiponya.

Basi baada ya jambo lile la karo, mume na mke waliafikiana kwamba shauri lipelekwe kwa mzee mmoja, fundi aliyestaafu jeshini, ambaye gereji yake iko chini ya mwembe si mbali na kambi. Mzee huyo alianza kutengeneza Land Rover na malori ya jeshi tangu enzi za kabureta, na mikono yake ina alama za kila injini iliyowahi kumuunguza. Sajini alikwenda kwa furaha, akiamini kwamba mzee atamtetea mbele ya mkewe.

Mzee hakumtetea wala hakumlaumu. Aliomba tu afunguliwe kile kifuniko kidogo cha ubavuni mwa gari, mahali pa kutilia mafuta. Ndani ya kifuniko palikuwa na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, ambacho sajini alikuwa amekiona kila Ijumaa bila ya kukijali. Kijana anayejifunza kazi kwa mzee alikipiga picha kwa simu, na simu ikayafasiri maandishi yale: petroli ya kawaida, isiyo na risasi.

"Waliolitengeneza ndio hao wanasema," alisema mzee. "Mimi sina la kuongeza, ila ukitaka nikueleze kwa nini."

Aliyoyaeleza mzee yafaa yajulikane na kila mwenye gari au pikipiki, na hasa na wale wanaoishi kwa mshahara.

Ndani ya silinda, pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kisha hupanda juu na kuibana. Katika injini ya gari hilo la sajini, mchanganyiko hubanwa hadi kuwa karibu sehemu moja katika kumi na nusu ya nafasi yake ya mwanzo. Kitu kikibanwa hupata joto. Kila aliyepiga pampu ya baiskeli ameuona mrija wake ukichemka mkononi. Wakati huo plagi hutoa cheche, na moto huanza hapo na kusambaa kwa mpango mpaka pembeni, ukiisukuma pistoni chini. Hivyo ndivyo gari linavyokwenda. Lakini iwapo petroli haina uvumilivu, ile sehemu iliyo pembeni, ambayo moto haujaifikia, huzidiwa na joto na mbano ikalipuka yenyewe kwa ghafla. Mlipuko huo wa pili hupambana na ule wa kwanza, na hapo ndipo husikika kokoto ndani ya mkebe. Ukiendelea kwa muda mrefu huweza kuitoboa pistoni.

"Ni kama kikosi kilichopangwa mstari," mzee alisema, "kinangoja kufyatua kwa zamu. Akatokea mmoja mwenye kihoro, akafyatua kabla ya zamu yake. Bunduki yake haina nguvu kuliko za wenzake. Amekosa subira tu."

Subira hiyo ndiyo inayopimwa kwa namba ya oktani. Wataalamu walichukua vimiminika viwili: kimoja kiitwacho isooktani, chenye uvumilivu mkubwa, wakakipa namba 100, na kingine kiitwacho heptani, kilicho chepesi mno wa kulipuka, wakakipa sifuri. Petroli inayofanya kazi kama mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani huitwa petroli ya 95. Namba hiyo haipimi nguvu. Lita moja ya petroli ya namba kubwa na lita moja ya namba ndogo zina joto linalokaribiana sana. Tofauti yake haitoshi kuonekana na mtu anayeendesha gari barabarani.

Hapa ndipo palipo na kosa la wengi. Mtu husikia namba kubwa na bei kubwa, akafikiri kuwa ni kama pombe kali na pombe hafifu. Kumbe injini iliyoundwa kwa namba ndogo haijui la kufanya na subira ya ziada. Mbano wake ni ule ule, plagi yake hutoa cheche kwa wakati ule ule uliowekwa kiwandani, na ile petroli ya gharama huungua kama ndugu yake wa bei nafuu, ikatokea nyuma kwa moshi. Huko Marekani chama cha wenye magari kiitwacho AAA kililifanyia jambo hili majaribio mwaka 2016, kwa magari yaliyoundwa kutumia petroli ya kawaida. Hakikuona faida ya maana katika nguvu, wala katika matumizi ya mafuta, wala katika usafi wa moshi. Chama hicho kilikadiria kwamba katika muda wa mwaka mmoja Wamarekani walikuwa wametupa zaidi ya dola bilioni 2 kwa kuyanunulia magari ya namna hiyo mafuta ya bei kubwa bila ya haja. Kama matajiri hao hukosea, sajini wa Mbale asione haya.

Magari kutoka Japani yana habari yake ya pekee. Kwa kanuni za nchi hiyo, petroli ya kawaida haipaswi kushuka chini ya namba 89, na ile ya bei ya juu haipaswi kushuka chini ya 96. Petroli isiyo na risasi inayouzwa kihalali katika Afrika ya Mashariki hutakiwa kuwa na namba 91 au zaidi kwa kipimo hicho hicho. Maana yake ni kwamba gari dogo la Kijapani lililozoea petroli ya kawaida ya kwao, likija Mbale au Kisumu au Kigali, hupata katika pampu ya kawaida subira iliyozidi ile linayoihitaji. (Mwenye kitabu cha gari la Kimarekani na aangalie vizuri, maana Wamarekani hutumia wastani wa vipimo viwili, na namba 87 ya kwao hukaribia 91 au 92 ya huku. Si petroli mbovu kama inavyodhaniwa.)

Tena kuna jambo la mwinuko, ambalo mzee alilitaja kwa kupita. Mbale na Kampala ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kidogo zaidi, hubana kidogo zaidi, na kwa hiyo hudai subira ndogo zaidi. Askari aliyepangiwa kazi Kabale au Kapchorwa ana sababu ndogo zaidi ya kuhangaikia namba kuliko mwenzake aliye pwani.

Sajini alisikiliza yote hayo kwa heshima, lakini hakuridhika. Akaleta ushahidi wake wa jerikeni. Na hapo yeye, ambaye kazi yake ni kuwahoji watu, alihojiwa.

"Gari lilianza kugonga lini?" aliuliza mzee.

"Baada ya kutia yale mafuta ya barabarani."

"Kabla ya siku hiyo ulikuwa ukitia nini?"

Sajini alinyamaza kidogo. "Ya kawaida."

"Kwa muda gani?"

"Tangu nilinunue. Miaka miwili na kitu."

"Liligonga?"

"La."

"Na wenzako waliopata petroli ya kawaida kituoni wiki ile, magari yao yaligonga?"

Sajini hakujibu. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akisikiliza, aliinama kuficha tabasamu, na kwa kufanya hivyo alionyesha adabu kubwa.

Kilichokuwa ndani ya jerikeni ile hakuna awezaye kukithibitisha sasa, ila mzee hakuwa na shaka kuwa ilikuwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mazuri kwa jiko na kandili, lakini ndani ya injini ya petroli hayana subira hata kidogo. Wachanganyaji huyatumia kwa sababu ya faida, maana kwa miaka mingi katika nchi nyingi yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli. Kenya iliongeza kodi ya mafuta ya taa mwezi wa Septemba 2018 kwa nia ya kukomesha mchezo huo, na Uganda ina mpango wa kutia alama maalumu katika mafuta yaliyoingia kihalali, ili wakaguzi wavipime vituo na kuwajua wadanganyifu. Lakini jerikeni ya kando ya barabara haina alama wala mkaguzi. Kilichoiponya injini ya sajini katika ile foleni ya saa nne kilikuwa petroli safi, na petroli safi ya kawaida ingaliiponya vile vile. (Na kwa kuwa habari ya jerikeni imetajwa, akina mama wakumbuke kwamba petroli haihifadhiwi ndani ya nyumba, wala karibu na sigiri, hata kama ni lita moja. Mvuke wake hutambaa chini sakafuni na kuufuata moto.)

Imani ya sajini ilikuwa na mzizi mwingine wa zamani zaidi, nao ulikuwa halali kwa wakati wake. Walimu waliomfundisha udereva wa serikali walikuwa watu wa enzi za petroli yenye risasi. Si risasi ya bunduki, bali ile madini yenyewe. Mnamo tarehe 9 Desemba 1921, huko Marekani, mtaalamu Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors na wenzake waligundua kwamba kiasi kidogo sana cha dawa yenye risasi, kikitiwa katika petroli, huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa wa kiwanda cha dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walirukwa na akili na kufa kwa sumu yake, lakini biashara iliendelea, ikaenea duniani kote. Katika magari ya zamani risasi ilikuwa na kazi ya pili ya kuvikinga viti vya valvu visiliwe na moto. Kwa hiyo dereva wa miaka ile aliyesema kuwa petroli ya bei kubwa huilinda injini hakuwa akisema uongo.

Aliyelipa gharama yake ni mtoto. Risasi iliyotoka katika moshi ilitua barabarani, viwanjani na katika vumbi la mlangoni, na hata kiasi kidogo chake huidhuru akili ya mtoto mchanga. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, mpaka Julai 2021. Petroli zote mbili za leo, ya bei kubwa na ya bei ndogo, hazina risasi, na magari yaliyoundwa kwa ajili yake yana viti vya valvu vya chuma kigumu. Fundisho lilibaki ingawa jambo lenyewe lilikwisha kuondoka, kama ambavyo amri ya zamani hubaki ukutani katika ofisi ya kambi baada ya mkubwa aliyeitia sahihi kuhamishwa.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumfanya mama awe mshindi wa kila upande. Siku ile ile ya chini ya mwembe lilitokea jambo lililompunguzia furaha. Ndugu yake, askari wa jeshi aliyerudi kutoka kazi ya kulinda amani Somalia, alikuwa amenunua Subaru Forester yenye tabo. Kwa kuwa naye alikuwa amesikia hesabu ya dada yake, alijivunia kwamba yeye hununua petroli ya kawaida tu, na kwamba shemeji yake hupoteza fedha. Mzee alimwomba naye afungue kifuniko. Kibandiko cha Subaru kilisema neno jingine: petroli ya daraja la juu.

Tabo ni feni inayosukumwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huishindilia hewa ndani ya silinda kwa nguvu kuliko pistoni inavyoweza kuvuta. Mbano huwa mkubwa, joto huwa kali, na subira inayohitajika huwa nyingi. Gari la namna hiyo likipewa petroli ya namba ndogo, kifaa chake cha kusikilizia mgongo husikia kokoto kabla ya dereva, na kompyuta ya gari huichelewesha cheche ili kuiokoa injini. Wokovu huo hulipwa kwa nguvu kupungua na mafuta kuliwa zaidi. Na mlima ukiwa mrefu na mzigo mzito, huenda usitoshe. Kijana huyo alikiri kwamba gari lake lilikuwa zito kupanda, naye alidhani ni ukuukuu wake. Kwake yeye kubana shilingi 400 kulikuwa sawa na kuukata mkanda wa bunduki ili apate kamba ya kufungia kuni. Tangu hapo hununua ya bei kubwa, naye hulalamika kila mara, lakini alaumu chaguo lake la gari.

Mzee alimwachia sajini hoja moja. Kampuni nyingi za mafuta hutia katika petroli yao ya bei ya juu dawa za kusafishia vali na njia za kupitia mafuta, na dawa hizo zina kazi ya kweli. Dawa ya usafi si oktani, ingawa huuzwa katika pampu moja, na kampuni nyingine huitia hata katika petroli ya kawaida. Mtu akipenda kununua tangi moja la namna hiyo mara chache kwa mwaka, mzee haoni ubaya. Lakini gari la sajini lilipofunguliwa siku hiyo, lilikutwa na chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara ya Soroti na plagi mbili zilizolika midomo. Kwa mwaka mzima na zaidi gari lilikuwa likinyweshwa petroli ya wakubwa huku likipumulia kitambaa kichafu. Chujio jipya na plagi nne pamoja na kazi ya fundi havikufika nusu ya ile fedha iliyoandikwa katika kitabu cha mama.

Sajini hakutaka kushindwa kwa maneno matupu, akaamua kupima mwenyewe. Alichukua daftari dogo la kazini, akalitumia kama kitabu cha matukio. Baada ya plagi na chujio kubadilishwa, alijaza tangi mara mbili kwa petroli ya bei kubwa, kisha mara mbili kwa ya kawaida, akiandika kila mara kilomita na lita. Kwa ile ya bei kubwa alipata kilomita 12.3 kwa lita, na mara ya pili 11.9. Kwa ile ya kawaida alipata 12.1, kisha 12.2. Kwa hiyo matokeo bora kuliko yote na mabaya kuliko yote yalikuwa ya pampu moja. Wiki ile ya 11.9 palikuwa na mvua, na mama alikuwa amebeba robota la nguo la jirani yake wa sokoni kutoka Tororo. Gari halikugonga hata mara moja. Sajini aliyasoma maandishi yake mara kadhaa, akatia tarehe, akatia sahihi.

Hakumwambia mkewe. Mama alijua kwa risiti, ambazo ziliendelea kuachwa juu ya kiti, na kwa noti ya shilingi 10,000 iliyokutwa ndani ya kitabu cha hesabu kila Ijumaa usiku, katika ukurasa ule ule wenye mstari. Alizihesabu kimya kimya. Ilipofika ya kumi na nane alinunua robota jipya, nguo za watoto wa shule, akalileta nyumbani kwa gari lile lile.

Binti alifanya mtihani wake mwaka huo huo. Sajini bado hutia mafuta katika kituo kile kile cha njia ya Tororo, maana anakiamini na vijana wake anawajua. Kila Ijumaa kijana wa zamu hunyanyua mpira wa ile pampu ya rangi nzuri kwa mazoea, na kila Ijumaa sajini humwonyesha kwa kidole ule wa upande wa pili.